Je, Wajua? Mguu Mmoja Kwetu, Mguu Mmoja Ng'ambo

Magomeni haikosi ngoma. Mdundiko ukipita Mikumi, watoto huufuata mpaka mitaa wasiyoijua. Ukumbi wa Travertine umekesha na taarabu miaka mingi, na singeli ya Mburahati huingia kila nyumba bila kubisha hodi. Baleti ndiyo haijapata kibaraza hapa. Ukiitaja utaulizwa: ile ya Wazungu wanaotembea kwa ncha za vidole? Ndiyo hiyohiyo. Lakini watu wa Afrika Mashariki, na ndugu zetu wa kusini na magharibi, wamo humo zaidi ya tunavyodhani, na wengi wao wamezaliwa huku wakachezea kule. Ukizifuatilia safari zao utagundua jambo moja: hakuna aliyevuka kwa kipaji peke yake. Kila mmoja alishikwa mkono na mtu.

Je, wajua kwamba mzaliwa wa Unguja aliwahi kupanda jukwaani na Royal Ballet?

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi waliotoka India. Alisomeshwa India, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikogeuka Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Hayo wengi wanayajua. Wasichokijua wengi ni kilichotokea tarehe 7 Oktoba 1979.

Usiku huo, katika ukumbi wa London Coliseum, wachezaji wa Royal Ballet walifanya onyesho la hisani la kuchangia watoto wenye ulemavu wa akili. Freddie, akiwa na umri wa miaka 33, alitokea katikati yao. Zilipigwa "Bohemian Rhapsody" na "Crazy Little Thing Called Love", wimbo uliokuwa umetoka siku hizohizo. Aliimba kwa sauti yake hapohapo jukwaani huku wanaume wa baleti wakimnyanyua, wakimrusha na kumpindua kichwa chini miguu juu. Anayedhani hilo ni jambo jepesi na ajaribu kuimba wakati rafiki zake wawili wamemning'iniza kwa miguu. Miondoko ilitungwa na mchezaji wa Royal Ballet, Wayne Eagling, na mwenzake Derek Deane naye alikuwa katika kundi hilo la marafiki. Yashike majina hayo mawili, tutayarudia.

Mwaka 1984, kwa ajili ya video ya "I Want to Break Free", Freddie alinyoa masharubu yake maarufu. Alitaka kumwiga Vaslav Nijinsky, mchezaji wa Urusi aliyewashtua watu wa Paris mwaka 1912 kwa kucheza kama kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Waliocheza naye katika kipande hicho cha video walikuwa tena watu wa Royal Ballet.

Je, wajua kwamba hata baada ya kufa, baleti haikumwacha?

Freddie alifariki kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Mwaka uliofuata ugonjwa huohuo ulimchukua Jorge Donn, Muajentina aliyekuwa nyota wa mtunzi wa baleti Maurice Béjart. Naye alikuwa na miaka 45. Béjart, Mfaransa aliyekuwa na kampuni yake mjini Lausanne, Uswisi, alitunga baleti nzima ya kuwakumbuka wote wawili, akichanganya nyimbo za Queen na muziki wa Mozart. Januari 1997 ilipochezwa Paris, waliobaki wa Queen walipiga muziki wenyewe jukwaani, wakiwa na Elton John.

Béjart alikuwa na nasaba yake na Afrika. Baba yake, mwanafalsafa Gaston Berger, alizaliwa Saint-Louis, Senegal. Mwaka 1977 Béjart na Rais Léopold Senghor walifungua shule ya dansi Dakar, Mudra Afrique, wakamkabidhi Germaine Acogny aiongoze.

Je, wajua kwamba safari ya kijana wa Nairobi kwenda London ilianzia darasani, madawati yakiwa nje?

Kuwinda ni mtaa wa mabanda ulio pembeni ya Karen, kitongoji cha matajiri wa Nairobi. Joel Kioko alikulia hapo. Somo lake la kwanza la dansi alilipata kwenye darasa la shule ya kawaida. Kwanza wanafunzi walibeba madawati nje, kisha sakafu ikawa ukumbi. Hapakuwa na kioo cha mtu kujitazama na kujirekebisha, wala mti wa kujishikilia ambao kwa kawaida hufungwa ukutani, usawa wa kiuno. Mtoto anayejifunza kukunja magoti huku kisigino kimegusa kisigino na vidole vimeangalia pande mbili, bila kioo, hana macho mengine ila ya mwalimu.

Masomo ya aina hiyo yaliletwa Kibera na Kuwinda na shirika la Anno's Africa, linalowafundisha sanaa watoto wa mitaa ya mabanda. Huko Kibera mwalimu Mike Wamaya alikuwa akihamisha madawati vilevile. Kutoka darasani Kioko alifikishwa kwa Cooper Rust, Mmarekani aliyekuwa mcheza baleti na ambaye anaongoza Dance Centre Kenya. Kufikia Desemba 2016 Kioko alikuwa mafunzoni Marekani. Alirudi nyumbani kwa Krismasi, na likizo yenyewe akaitumia kucheza peke yake mbele ya watu katika The Nutcracker, ile baleti ya msichana na mwanasesere wa kubanjia njugu. Mwaka 2017 akapata ufadhili wa kusoma English National Ballet School, London.

Je, wajua kwamba Waislamu wa Cape Town walichangishana ili kijana wao akacheze baleti?

Johaar Mosaval alizaliwa tarehe 8 Januari 1928, District Six, mtaa wa Cape Town ambao mtu wa Kariakoo angejiona nyumbani: duka limeshikana na nyumba, msikiti hauko mbali na kanisa, na kila kabila lina jirani wa kabila jingine. Familia yake ilikuwa ya Waislamu wa Kimalei na yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Kijana wa Kiislamu kuvaa suruali ya kubana na kurukaruka jukwaani halikuwa jambo la kufurahisha wazee.

Dulcie Howes, mwanzilishi wa shule ya baleti ya Chuo Kikuu cha Cape Town, alimwona na kumpokea mwaka 1947. Lakini huo ulikuwa wakati wa ubaguzi, na Mosaval alitakiwa kusimama nyuma ya darasa, nyuma ya Wazungu wote. Alijifunza kwa kutazama migongo yao. Nyota wawili wa Uingereza, Alicia Markova na Anton Dolin, walipozuru mji huo walimwona, wakamtafutia nafasi katika shule ya Sadler's Wells. Nafasi ikapatikana, nauli hakuna. Ndipo Muslim Progressive Society pamoja na marafiki wakapitisha mchango. Sisi wa Magomeni tunaujua mchango wa harusi, wa msiba na wa mgonjwa. Ule ulikuwa wa tiketi ya safari na wa miguu ya mtu mmoja.

Mwaka 1951 Mosaval akafika London. Juni 1953, zilipofanyika sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth, alikuwa miongoni mwa waliocheza mbele yake katika opera ya Gloriana, Covent Garden. Alikaa na kampuni iliyokuja kuitwa Royal Ballet kwa karibu robo karne, akapanda hadi kuwa miongoni mwa wachezaji wa ngazi ya juu, wakati kwao asingeruhusiwa hata kuketi na Wazungu katika ukumbi uleule.

Je, wajua kwamba kampuni moja ya London imeunganisha Cape Town, Unguja na Kuwinda?

Hapa ndipo majina yanapokutana. Markova na Dolin, wale waliomwona Mosaval, ndio walioanzisha kampuni ya London Festival Ballet mwaka 1950. Mwaka 1989 kampuni hiyo ilibadilishwa jina ikawa English National Ballet. Derek Deane, wa kundi la Royal Ballet la Freddie, aliiongoza kuanzia 1993 hadi 2001. Wayne Eagling, aliyemtungia Freddie miondoko, aliiongoza kuanzia 2005 hadi 2012. Na shule ya kampuni hiyohiyo, iliyofunguliwa mwaka 1988, ndiyo iliyompokea Joel Kioko.

Freddie, Mosaval na Kioko hawakuwahi kuwa pamoja. Mmoja alikuwa mwanamuziki aliyecheza usiku mmoja kwa hisani, mmoja alicheza maisha yake yote, na mmoja alikwenda akiwa mwanafunzi. Lakini waliowafungulia milango wanajuana kwa majina. Dunia ya baleti ni ndogo kama mtaa. Ukishamfahamu mtu mmoja ndani yake, watu watatu mbele yake wamekwisha kusikia habari zako.

Je, wajua kwamba Waingereza wenyewe waliwahi kujifanya Warusi ili wakubalike?

Anton Dolin hakuwa Anton wala Dolin. Jina lake lilikuwa Patrick Healey-Kay, Mwingereza. Alicia Markova alizaliwa London mwaka 1910 akiitwa Lilian Alicia Marks. Mrusi Sergei Diaghilev, mwenye kampuni ya Ballets Russes, alimchukua msichana huyo akiwa na miaka 14 na kumpa jina lenye mlio wa Kirusi. Siku hizo mtazamaji wa London hakuamini kwamba mtoto wa jirani yake anaweza kucheza baleti. Alitaka aje mtu wa Saint Petersburg. Kwa hiyo anayesema leo kwamba baleti si ya mtu wa Kibera anarudia neno ambalo London iliwahi kuwaambia watoto wake.

Je, wajua kwamba baleti yenyewe haina kwao kumoja?

Onyesho linalohesabiwa kuwa baleti ya kwanza lilifanyika Paris mwaka 1581, katika jumba la mfalme wa Ufaransa. Mama wa mfalme, Catherine de' Medici, alikuwa Mtaliano. Mtunzi wa onyesho naye alikuwa Mtaliano, aliyekwisha kulifanya jina lake la Kifaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis XIV, ambaye ujanani alicheza jukwaani akiwa amevaa kama jua, alifungua chuo cha dansi, na tangu hapo amri za baleti zinatolewa kwa Kifaransa duniani kote. Mwalimu wa Nairobi na mwalimu wa Tokyo wanawaelekeza wanafunzi wao kwa maneno yaleyale.

Kisha baleti ikahamia Urusi. Marius Petipa alizaliwa Marseille mwaka 1818, akafika Saint Petersburg mwaka 1847, akakaa Urusi maisha yake yote na kutunga baleti nyingi ambazo leo tunaziita za Kirusi. Kirusi chenyewe hakikumkaa mdomoni. Mwaka 1895 Swan Lake ilipochezwa upya mjini humo, aliyewapagawisha watu kwa mizunguko 32 mfululizo juu ya mguu mmoja alikuwa Pierina Legnani, Mtaliano. Mpaka leo mcheza baleti anayechukua nafasi hiyo, watazamaji humhesabia kimoyomoyo: asipofika 32, watu wanajua.

Je, wajua kwa nini hawaoni kizunguzungu?

Siri ya kwanza ni shingo. Mchezaji huchagua kitu kimoja mbele yake, taa au alama ukutani, akakikazia macho. Mwili unazunguka, kichwa kinabaki. Shingo ikifika mwisho, kichwa kinageuka ghafla na macho yanarudi palepale. Kichwa ni cha mwisho kuondoka na cha kwanza kufika.

Siri ya pili iko ndani ya fuvu. Mwaka 2013 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya kuwapima wanawake 29 wacheza baleti na wanawake 20 waendesha makasia. Waliwakalisha kwenye kiti kinachozunguka gizani, kisha wakakisimamisha. Waendesha makasia waliendelea kuhisi wanazunguka kwa muda mrefu kuliko wacheza baleti. Picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea taarifa kutoka kwenye viungo vya mizani vya sikio ilikuwa ndogo zaidi kwa wacheza baleti. Miaka ya mazoezi imeufundisha ubongo wao kutozisikiliza kelele hizo. Kwa maneno mengine, mcheza baleti hapungukiwi na kizunguzungu kwa kuzaliwa. Amekifukuza kwa kurudia.

Je, wajua kwamba ncha ya kiatu cha kusimamia vidole haina mti wala chuma ndani?

Watu wengi hudhani kuna kipande cha mbao kwenye ncha. Katika kiatu cha asili hakuna. Kuna tabaka za kitambaa na karatasi ngumu zilizoshikanishwa kwa gundi, zikakaushwa mpaka zikawa kama ganda. Juu yake ni kitambaa cha satini, chini soli nyembamba. Jasho likiingia, gundi inalegea na kiatu kinakufa. Mchezaji mkubwa anaweza kumaliza jozi moja katika onyesho moja tu.

Kiatu kipya hakivaliwi kama kilivyo. Mchezaji hukivunjavunja kwanza: anakikunja soli, anakigonga sakafuni ili kisipige kelele jukwaani, anashona mwenyewe kamba na mpira, na wengine hutia nyuzi kwenye ncha isiteleze. Fundi viatu wa Mapipa angeona mteja anaharibu bidhaa mpya.

Kwa mchezaji mweusi palikuwa na kazi moja zaidi. Viatu vilitoka dukani kwa rangi ya waridi, inayofanana na ngozi ya Mzungu, ili mguu uonekane mrefu bila kukatika. Mwenye ngozi nyeusi alikuwa akivipaka poda ya uso, jozi baada ya jozi, ili vifanane na mguu wake. Mwaka 2018 kampuni ya Freed of London, iliyoanza kutengeneza viatu hivyo mwaka 1929, ilianza kuuza vya rangi ya kahawia na shaba. Ilivitengeneza ikishirikiana na Ballet Black, kampuni iliyoanzishwa na Cassa Pancho mwaka 2001 kwa ajili ya wachezaji weusi na wa Asia. Kutoka Louis XIV mpaka kiatu cha kahawia, tumesubiri zaidi ya miaka 350.

Je, wajua kwamba adui wa mcheza baleti ni saruji?

Sakafu ya baleti hujengwa kwa mbao zilizoinuliwa kidogo ili zinese. Anayeruka akishuka, sakafu inapokea sehemu ya uzito. Ukirukia saruji kila siku, uzito wote unaishia kwenye kifundo, goti na mfupa wa muundi. Ili asiteleze, mchezaji hukanyaga ulimbo uliosagwa, ule utomvu mkavu wa msonobari ambao wapiga fidla hupaka kwenye upinde.

Hata hivyo wengi wa Afrika wameanzia kwenye saruji. Mwaka 2020 video ya mtoto wa Lagos, Anthony Madu, aliyekuwa na miaka 11, ilizunguka dunia nzima. Alikuwa pekupeku, mvua inanyesha, anazunguka kwenye saruji iliyojaa maji. Alikuwa mwanafunzi wa Leap of Dance Academy, shule iliyoanzishwa na Daniel Ajala mwaka 2017. Video hiyo ilimpatia nafasi ya masomo, na hatimaye akaenda Elmhurst Ballet School, Birmingham. Waliotazama waliona muujiza wa mvua. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kumwona kabla mvua haijanyesha.

Je, wajua kwamba jirani yetu wa zamani alilizungumzia suala la kucheza dansi za wengine mwaka 1962?

Katika harakati za TANU za miaka ya 1950, Julius Nyerere aliishi Magomeni, mtaa wa Ifunda. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, aliligusia suala la dansi katika hotuba yake. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati wake walikuwa mabingwa wa dansi za Ulaya na Amerika, wakati gombesugu, kiduo na lelemama hawazijui au wanazionea haya. Siku hiyohiyo alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana.

Hotuba hiyo hukumbukwa kwa nusu yake tu. Nusu ya pili alisema kwamba kujenga utamaduni wetu hakuna maana ya kuukataa wa wengine, na taifa lisilotaka kujifunza kwa wenzake halina busara. Alichokikataa ni mtu kujifunza cha mwenzake kwa kuona haya ya chake. Kipimo hicho kinawafaa wacheza baleti wetu wa leo.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kupeleka vijana wake China kujifunza sarakasi?

Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza kupinda mgongo, kusimama juu ya mabega na kurusha vyombo. Waliporudi kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi, kando ya kikundi cha taifa cha ngoma. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na safari ya Mosaval au Kioko: hapa aliyeshika mkono ni serikali, na tiketi ya kurudi ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Mwaka 1981 vikundi hivyo vilirithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Kila unapomwona kijana wa ufukweni Dar akipiga sarakasi ya kubebana ghorofa tatu, unatazama mjukuu wa safari hiyo.

Je, wajua kwamba baleti kuhusu Afrika isiyo na Mwafrika ilisahihishwa na mtu wa Kisangani?

Mwaka 1923 kampuni moja ya Waswidi ilionyesha Paris baleti iitwayo La Création du monde, kuhusu jinsi Waafrika wanavyosimulia kuumbwa kwa dunia. Muziki ulikuwa wa Darius Milhaud, mapambo ya Fernand Léger. Mwafrika hakuwamo.

Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu, karibu na Kisangani, mwaka 1974. Mwaka 1997 alikuwa Nairobi, ambako yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda Gàara, kampuni ya kwanza ya dansi ya kisasa Kenya. Mwaka 2001 akafungua Studios Kabako Kinshasa, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani, nyumbani. Mwaka 2012 kampuni ya baleti ya Lorraine, Ufaransa, ilimpa kazi ile ya 1923 aitazame upya. Aliirudisha jukwaani, kisha akamweka mchezaji mweusi mbele ya kazi hiyo aulize maswali ambayo hayakuulizwa mara ya kwanza.

Kwa ufupi

Beni, ngoma ya magwanda na tarumbeta iliyochipuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilifika Dar na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia wakaibeba mpaka Malawi.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, singeli ya studio ya Mburahati, na watu wake wakaanza kualikwa kwenye majukwaa ya Ulaya.

Watoto wa Ghetto Kids wa Kampala, waliokusanywa na mwalimu Dauda Kavuma, walifika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2023.

Je, wajua kwamba kurudi kunaweza kuwa kugumu kuliko kwenda?

Mwaka 1966 serikali ya makaburu iliitangaza District Six kuwa ya Wazungu peke yao, na bomoabomoa ikaanza. Mosaval alikuwa London akicheza. Aliporudi Cape Town kwa kukaa, miaka ya 1970, mtaa aliotoka ulikuwa ukigeuzwa vifusi. Mwaka 1977 alicheza nafasi ya Petrouchka katika jumba la opera la mji huo, mmoja wa wachezaji wa kwanza wasio Wazungu kufanya hivyo. Alifungua shule, serikali ikaifunga kwa sababu ilichanganya watoto wa rangi zote. Alipewa ukaguzi wa baleti mashuleni. Alipotambua kwamba anaruhusiwa kuwafundisha watu wa kundi moja tu, akaacha kazi. Hakuacha kufundisha. Mwaka 2019 taifa lilimtunuku nishani ya Ikhamanga ya dhahabu, na tarehe 16 Agosti 2023 akafariki akiwa na miaka 95.

Wengi wa wacheza baleti hushuka jukwaani kati ya miaka 35 na 40. Baada ya hapo, kinachobaki ni kile mwili unachoweza kumwonyesha mtoto mwingine. Ndiyo maana mchezaji wa nchi mbili huhitajika zaidi anaporudi kuliko anapoondoka, na ndiyo maana mtaa unaomtaka mcheza baleti haupaswi kuanza kwa kutafuta kipaji. Uanze na mwalimu mmoja anayekuja kila wiki bila kukosa, na watu wachache walio tayari kuchanga nauli siku ikifika. Chumba kipo. Shule za Magomeni zina madawati, na Jumamosi mchana hayana mtu.